Vardavar: mwongozo kamili wa kwenda kulowa Yerevan

Kuna Jumapili moja kila kiangazi ambapo mtoto wa miaka saba usiyemjua, ameshika ndoo kubwa kuliko kifua chake, atakumwagia maji kichwani katikati ya jiji la Yerevan, kisha atasimama akutazame aone utafanya nini. Ukicheka, umepita mtihani. Ukikasirika, wapita njia wote watakuona wewe ndiye mwenye kosa. Siku hiyo inaitwa Vardavar, na Armenia nzima huingia ndani yake, kuanzia mji mkuu hadi vijiji vya milimani.

Jambo la kwanza la kuelewa, na karibu kila kitu katika mwongozo huu kinatokana nalo, ni kwamba Vardavar haina watazamaji. Huwezi kusimama pembeni na kamera ukasema wewe ni mgeni, umekuja kuona tu. Ukishatoka mlangoni umekubali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na hapa hata nguo huvui, unaoga nazo. Kwa hiyo matayarisho yote yanahusu mambo mawili: vitu ambavyo havitakiwi kulowa, na watu ambao hawatakiwi kulowa.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya tarehe

Vardavar haina tarehe ya kudumu. Huangukia siku ya 98 baada ya Pasaka, yaani wiki 14 kamili, ndiyo maana siku zote ni Jumapili. Kanisa la Armenia nchini humo huadhimisha Pasaka kwa kalenda ile ile inayotumiwa na Wakatoliki na Waprotestanti, basi chukua tarehe ya Pasaka yako ya kawaida, ongeza wiki 14, umemaliza. Kwa mwaka 2026 Pasaka ni 5 Aprili na Vardavar ni 12 Julai. Mwaka 2027 ni 4 Julai, na mwaka 2028 ni 23 Julai. Haiwezi kutangulia 28 Juni wala kuchelewa kupita 1 Agosti.

Hesabu hii ifanye mwenyewe kabla ya kununua tiketi. Anayekariri tarehe ya mwaka jana hufika akakuta barabara kavu.

Hatua ya 2: Jua unasherehekea nini

Unaweza kuruka sehemu hii na bado ukalowa vilevile. Lakini wenyeji watakuuliza kama unaijua maana ya siku, na ukiwa na jibu mazungumzo huwa matamu.

Katika Kiarmenia, *vard* ni waridi. Sikio la Mswahili litashtuka kidogo, maana waridi letu lilitujia kupitia Kiarabu, *ward*, na maneno hayo yote yana ukoo mmoja wa kale upande wa Uajemi. Kabla ya Ukristo, siku hii ilikuwa ya Astghik, mungu wa kike wa mapenzi, uzuri na maji, mpenzi wa Vahagn shujaa. Watu walimpelekea mawaridi na kunyunyiziana maji. Inasimuliwa kwamba Astghik alikuwa akioga usiku katika mto Aratsani, na vijana waliotaka kumwona wakawasha moto juu ya kilima. Alipogundua, akaushusha ukungu juu ya mto mzima wasione kitu. Ndiyo sababu, wanasema, mji wa Mush, ambao leo uko mashariki mwa Uturuki, ukaitwa hivyo: *mshush* ni ukungu.

Armenia inahesabu kuwa iliupokea Ukristo kama dini ya taifa mwaka 301, na sikukuu za zamani zikavalishwa kanzu mpya. Vardavar ikaunganishwa na Kugeuka Sura kwa Yesu mlimani. Wapo pia wanaoirudisha kwa Nuhu, ambaye inasemwa aliwaambia wanawe wamwagiane maji kukumbuka gharika. Hadithi hiyo ina uzito wake huko, kwa sababu asubuhi ikiwa safi unauona mlima Ararati kutoka Yerevan, mweupe kileleni, ng'ambo ya mpaka, mita 5,137.

Ni hadithi ipi ya kweli? Mtoto mwenye ndoo hajali.

Hatua ya 3: Fika Jumamosi, lala pazuri

Uwanja wa ndege wa Zvartnots uko magharibi mwa jiji, kilomita chache tu. Kosa baya kuliko yote ni kutua Jumapili saa sita mchana ukiwa na sanduku, kompyuta mgongoni na koti la safari, kisha ukashuka kwenye teksi mita 50 kutoka hotelini. Hizo mita 50 ndizo zitakazokuumiza. Sanduku halikupi kinga yoyote. Watu watacheka, watasema sikukuu njema, na watamwaga. Fika Jumamosi, au siku mbili kabla, ujue mitaa yako kabla haijageuka mto.

Pa kulala tafuta ndani ya eneo la kati, linaloitwa Kentron, mahali unapoweza kurudi kwa miguu kubadilisha nguo. Hili ni la maana kuliko uzuri wa chumba. Ukiwa na uwezo wa kurudi ndani mara mbili kwa siku, siku nzima inakuwa raha. Uliza pia kama chumba kina baraza au kamba ya kuanikia. Na kama mlango unafunguliwa kwa kadi, iweke kadi hiyo kwenye mfuko usiopitisha maji kama unavyoweka simu.

Suala la viza hutegemea pasipoti yako. Armenia ina mfumo wa maombi kwa mtandao, lakini haupo wazi kwa kila taifa, basi hakikisha mapema na ubalozi.

Hatua ya 4: Simu, pesa na pasipoti

Pasipoti ibaki chumbani. Toka na nakala ya karatasi iliyofungwa kwenye nailoni, na picha yake kwenye simu.

Simu ndiyo inayowaliza wengi. Usiamini sana maneno ya kiwandani kwamba simu yako haiingii maji. Vipimo vile hufanywa kwenye maji safi yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Havikuahidi chochote kuhusu bunduki ya maji iliyobanwa kwenye tundu la chaji, wala simu iliyokwisha anguka mara nne. Nunua kifuko cha plastiki cha kufunga kwa klipu na kuning'iniza shingoni, kisha kijaribu nyumbani: weka karatasi ya tishu ndani, kifunge, kizamishe kwenye beseni nusu saa ukiwa umekibana kwa kitu kizito. Tishu ikitoka kavu, kifuko kinafaa. Ikitoka na unyevu hata kidogo pembeni, kitupe. Jaribio hili ni la shilingi sifuri na ndilo ambalo karibu hakuna anayelifanya.

Jua pia kwamba skrini iliyolowa haisikii vidole. Kabla ya kutoka, weka simu kwenye mpangilio unaokuruhusu kupiga picha kwa kubonyeza kitufe cha sauti. Na kama maji yameingia kweli, izime, usiichaji mpaka tundu likauke kabisa. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii, huongeza vumbi tu; iache penye hewa inayopita.

Kamera nzuri, kama umekuja nayo, itumie kutokea juu. Mkahawa wenye ghorofa na dirisha la kioo unaotazama barabara unakupa picha bora kuliko zile utakazopata katikati ya vurugu, na lenzi inabaki salama.

Pesa za Armenia ni dram. Beba noti chache ndogo na kadi moja ya benki, zote ndani ya mfuko wa zipu, na mfuko huo ndani ya mfuko mwingine. Noti ya dram 20,000 ina sura ya Aivazovsky, mchoraji aliyepata umaarufu kwa kuchora bahari. Hata hivyo hapendi kuoga, mwache nyumbani.

Hatua ya 5: Mavazi

Nyeupe usivae. Ikilowa inaonyesha kila kitu, na utatembea siku nzima umekunja mikono kifuani. Jinzi pia hapana: inalowa haraka, inakauka kesho, na kati ya hapo inakukwaruza mapaja. Kinachofaa ni kitambaa chepesi cha rangi iliyokolea, kama nguo za michezo, na chini yake vazi la kuogelea. Pamba nene inakuwa mzigo. Ukijua utatembea sana, pakaa mafuta mazito ya mgando mapajani na kwapani kabla ya kutoka. Nguo mbichi huchubua ngozi ndani ya saa mbili.

Viatu vinahitaji akili zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Ndala za kawaida huteleza, huchomoka, na ukikimbizwa na kundi la vijana wenye ndoo utaziacha nyuma. Vaa sandali zenye mkanda wa kisigino na soli yenye meno. Sehemu nyingi za katikati ya jiji zimesakafiwa kwa mawe laini, na mawe hayo yakilowa ni sabuni.

Wanaovaa lenzi za macho wazivue siku hiyo. Maji ya bomba, achilia mbali maji ya bwawa, yana vijidudu vinavyoweza kung'ang'ania chini ya lenzi na kuharibu jicho. Vaa miwani ya kawaida yenye kamba nyuma, au ya kuogelea. Utachekesha, lakini utaona unakokwenda.

Hatua ya 6: Silaha

Bunduki za maji za plastiki huuzwa kila kona siku zile, na mgeni huona ndiyo chombo cha kisasa. Mimi naziona zinachosha: unapampu dakika nzima, unatoa mkojo wa kuku, na wakati huo bibi wa ghorofa ya pili ameshakumalizia sufuria nzima. Ndoo ndiyo mfalme wa siku. Lakini kumbuka ndoo ya lita 10 iliyojaa ina kilo 10, na hutaibeba kwa muda wa saa tano. Chukua ndogo ya lita tano, uijaze nusu. Maji yaliyo nusu hurushwa mbali na hutawanyika vizuri. Yaliyojaa humwagika nusu miguuni kwako mwenyewe.

Chombo cha maskini, ambacho ndicho ninachokisifu, ni chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kifuniko matundu matatu kwa msumari wa moto. Inakaa mkononi, haina uzito, na ukiibana inatoa mchirizi wa mita kadhaa. Inajazwa popote.

Na hapo ndipo Yerevan inapoishinda miji mingi. Jiji limejaa vibomba vya kunywea maji barabarani, vinavyoitwa *pulpulak*: nguzo fupi ya jiwe au chuma, kimo cha kiuno, yenye maji baridi ya chemchemi yanayobubujika juu mchana na usiku. Jina lenyewe ni sauti ya maji yakibubujika, *pul-pul*, na *ak*, chemchemi. Siku nyingine unainama unywe uendelee na safari. Siku ya Vardavar kila pulpulak ni kituo cha mafuta. Tatizo ni kwamba mchirizi wake unakwenda juu na ni mwembamba, hivyo kujaza ndoo hapo kunachukua muda na foleni nyuma yako haina subira. Chupa ya mdomo mpana ndiyo inayofaa. Wenye ndoo huzijaza kwenye mabwawa ya chemchemi za jiji, au huteremshiwa mpira kutoka dirishani.

Anayejaza maji kwenye pulpulak, kwa mtazamo wangu, aachwe ajaze. Hakuna sheria inayosema hivyo, na wengi hawaifuati, lakini kumvamia mtu aliyeinama ni uwindaji wa kivivu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Asubuhi na mapema jiji limelala. Huu ndio wakati wa kwenda kanisani kama unataka kuona upande wa pili wa sikukuu, ukiwa bado mkavu na umevaa kwa heshima. Ibada ya Kugeuka Sura huwa na nyimbo ndefu na ubani mwingi. Usiingie kanisani ukichuruzika maji, hata kama mlango uko wazi.

Kula vizuri kabla ya kutoka. Baada ya hapo mikahawa mingi haitakutaka ndani ukiwa umelowa chepechepe, na hawana kosa, viti ni vyao. Julai ni msimu wa aprikoti, zinazoitwa *tsiran*, na Waarmenia wanazihesabu kuwa tunda lao la taifa. Kula chache na mkate wa lavash na jibini, unywe glasi ya *tan*, maziwa ya mgando yaliyozimuliwa kwa maji na chumvi. Chumvi ile utaihitaji: Yerevan iko mita kama 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu, na joto la Julai hupita nyuzi 35 mara nyingi. Watu husahau kunywa maji kwa sababu wamelowa. Unaweza kuishiwa maji mwilini huku nguo zinachuruzika.

Kadiri jua linavyopanda, watoto hushuka kwenye milango ya magorofa. Katika mitaa ya makazi hatari inatoka juu. Tembea katikati ya njia, usitembee chini ya mabaraza, na ukisikia kicheko cha kuzuiwa juu yako umeshachelewa. Hapa mchezo ni wa familia, mtoto dhidi ya jirani, na kwa mtu aliyekuja na watoto wadogo ndipo mahali pazuri kuliko pote.

Kuanzia mchana mkondo unaelekea katikati. Kitovu ni eneo la jumba la Opera, hasa Ziwa la Bata Maji lililo kando yake, bwawa dogo lililochongwa kwa umbo la ziwa Sevan. Huko watu huchota, huruka ndani, na hutupana ndani. Maji yake si ya kunywa, funga mdomo. Kutoka Opera, barabara ya waenda kwa miguu iitwayo Northern Avenue inakupeleka hadi karibu na Uwanja wa Jamhuri, wenye majengo ya mawe ya rangi ya waridi na chemchemi kubwa. Kuitembea barabara hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho siku ya Vardavar ni dakika chache kwa saa na safari ndefu kwa mwili. Ukifika uwanjani huna sehemu kavu iliyobaki, na ghafla unajikuta hujali tena. Huo ndio wakati sikukuu inaanza kwako.

Gari la zimamoto likitokea na kupulizia umati, furahia ukiwa umesimama mbali kidogo, umeligeuzia mgongo. Ule mpira una nguvu ya kukuangusha.

Ukihitaji kupumzika bila kulowa, shuka chini. Treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1981, ina kituo cha Yeritasardakan karibu na Opera na kingine Uwanja wa Jamhuri. Chini kuna ubaridi na amani. Teksi unaziita kwa programu za simu kama GG au Yandex, lakini dereva ana haki ya kukukataa ukiwa umelowa. Beba mfuko mkubwa wa nailoni wa kukalia, mwonyeshe kabla hajasema neno, na funga vioo.

Kwa desturi mchezo huisha jua likizama. Anayemwaga maji saa tatu usiku amelewa au hana saa.

Hatua ya 8: Adabu ya kumwaga

Inasemwa kwamba siku hii hakuna anayesamehewa, wala mzee, wala polisi, wala bwana harusi. Kwa mwenyeji anayejua mtaa wake ni kweli. Mgeni awe na kipimo chake.

Usimwage uso. Maji yaliyorushwa kwa nguvu kutoka hatua moja yanaumiza jicho na sikio. Lenga kifuani, mgongoni, au, kama mtu ametulia, mimina taratibu utosini kutoka nyuma. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopata kelele tamu zaidi. Usitie barafu. Puto la maji ni la uwanja wazi, kutoka mkono hadi mwili. Likiangushwa kutoka ghorofa ya nne linafika chini kwa kasi inayokaribia kilomita 50 kwa saa, na hapo limekuwa jiwe. Usirushie gari linalotembea wala mwendesha baiskeli, hata ukiona wenyeji wanafanya.

Waache mama aliyebeba mtoto mchanga, mzee mwenye mkongojo, mtu aliyevaa nguo za kazi anayekimbilia basi, na yeyote anayeinua simu juu kwa uso wa maombi. Mzee akikutazama na kutabasamu, chovya vidole umnyunyizie matone mkononi. Atakubariki. Mwenyewe ukiwa na sababu ya kutolowa, neno ni *che*, hapana, na *herakhos* ni simu. Sema kwa tabasamu, ukionyesha. Hufanya kazi mara moja kati ya tatu.

Ukimwagiwa, jibu ni kicheko na *Shnorhavor Vardavar*, heri ya Vardavar. Kisha una ruhusa kamili ya kulipiza.

Lipo jambo ambalo Waarmenia wenyewe hulalamikia: makundi ya vijana wa kiume kumzingira msichana mmoja na kumwagia mfululizo, kumvuta, kumbeba hadi bwawani. Hiyo si Vardavar, na huhitaji kuicheka. Wanawake wanaokwenda peke yao watafute kundi la familia la kuungana nalo, waepuke kingo za bwawa alasiri umati unapokuwa mnene, na wakizingirwa waingie duka lolote. Wenye maduka wanaelewa. Namba ya dharura ni 112, polisi 102, gari la wagonjwa 103.

Hatua ya 9: Watoto na ngozi

Mtoto chini ya miaka mitano atafurahi saa ya kwanza na kulia ya pili. Mpe chupa yake, mwache amwage kabla hajamwagiwa, na rudini ndani midomo ikianza kubadilika rangi. Maji ya chemchemi ni baridi hata jua likiwaka. Mafuta ya kukinga jua yanaoshwa kila ndoo, hivyo pakaa upya kila baada ya saa mbili, na usisahau masikio na juu ya miguu. Kwenye mwinuko ule jua linachoma kuliko unavyolihisi.

Njia nyingine: Garni

Kama umati wa jiji haukuvutii, nenda Garni, kilomita 28 hivi mashariki mwa Yerevan, juu ya korongo la mto Azat. Pale limesimama hekalu la karne ya kwanza lenye nguzo 24, lililoangushwa na tetemeko la mwaka 1679 na kusimamishwa tena mwaka 1975. Siku ya Vardavar huchezwa ngoma za asili kwa zurna, aina ya zumari, na dhol, ngoma ya kupigwa, na waumini wa dini ya kale hufika kwa ibada zao. Maji hurushwa pia, lakini mchezo una utaratibu zaidi, na ukiona watu wameshikana mikono wakicheza kochari, ingia mwisho wa mstari, fuata miguu ya aliye mbele yako. Hakuna atakayekuuliza jina.

Nenda asubuhi. Kujaribu kuchanganya Garni na mchana wa Opera kwa siku moja kunawezekana kwenye karatasi, lakini barabara ya kurudi hujaa, na basi dogo lenye madirisha wazi likipita vijijini ni zawadi kwa kila mtoto mwenye ndoo.

Hatua ya 10: Jioni na kesho yake

Oga kwa sabuni, hasa kama ulifika bwawani, na ukaushe masikio. Nguo zianike usiku huo huo. Hewa kavu ya Yerevan itazimaliza kabla ya asubuhi. Viatu vinachelewa zaidi. Vijaze magazeti yaliyokunjwa, ubadilishe magazeti kabla ya kulala, na usiviweke juani moja kwa moja, gundi itaachia.

Jumatatu inayofuata ni siku ya kuwakumbuka marehemu, na familia nyingi huenda makaburini na maua na ubani. Jiji linakuwa limetulia kuliko kawaida. Ukitembea katikati utaona ndoo zimepinduliwa kwenye milango ya magorofa, na juu, kwenye mabaraza, safu za viatu zinakauka.